Majibu ya Mlango wa Kizazi Yakitoka na Kasoro: Namna ya Kuamua Kipimo Kinachofuata

"Majibu yako yana kasoro kidogo, utarudi." Wanawake wengi huambiwa hivyo na kuachiwa hapo. Kinachofuata ni kukosa usingizi au, kibaya zaidi, kutorudi kabisa. Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyepata majibu hayo, na wa ndugu anayemsindikiza. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Utakusaidia kuingia chumbani kwake ukijua cha kuuliza, na kuelewa kwa nini anakushauri usubiri, uangaliwe kwa karibu au utibiwe moja kwa moja.

Shika kwanza jambo moja: kipimo cha uchunguzi hukuambia kiwango cha hatari, na peke yake hakithibitishi ugonjwa. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi cha HPV, na watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yao. Kwa walio wengi, karibu tisa katika kila kumi, mwili hukishinda wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa wachache hung'ang'ania na kubadilisha seli taratibu. Mwenye kinga nzuri ya mwili kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani. Mwenye kinga dhaifu, mathalani anayeishi na VVU bila tiba, anaweza kufika kwa miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo una nafasi ya kuuliza, kufikiri na kupanga. Huna nafasi ya kusahau.

Kuna hali moja isiyongoja mpangilio huu. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, katikati ya hedhi au baada ya hedhi kukoma, au ukitokwa na majimaji yenye damu au harufu mbaya yasiyoisha, nenda ukachunguzwe moja kwa moja, hata kama karatasi ya mwaka jana ilisema uko salama. Vipimo vya uchunguzi viliandaliwa kwa mtu asiye na dalili.

Hatua ya 1: Jua ulipimwa nini hasa

Omba majibu kwa maandishi. Piga picha karatasi, au nakili jina la kipimo, tarehe na maneno ya maabara kama yalivyo. "Nilipima kizazi" haitamsaidia daktari mwingine.

Vipimo vinavyotumika sana ni vitatu. Kipimo cha HPV hutafuta vinasaba vya kirusi, na jibu lake huwa chanya au hasi. Mashine nyingine hutaja pia kama ni aina ya 16, ya 18 au aina nyingine hatarishi. Papsmia hutazama kwa hadubini seli zilizokwanguliwa kwenye mlango wa kizazi. Kipimo cha siki, ambacho kwenye kadi huandikwa VIA, ni cha macho: mhudumu hupaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri kidogo, kisha hutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe.

Kama sampuli ya HPV uliichukua mwenyewe ukeni na ikatoka chanya, haiwezi kutumika kwa papsmia, maana seli zake ni za ukeni. Itabidi mhudumu akuangalie mlango wenyewe. Na kama karatasi inasema sampuli haikutosha au haisomeki, hiyo si kasoro. Maana yake hujapimwa bado. Kwa kawaida papsmia hurudiwa baada ya miezi 2 hadi 4.

Hatua ya 2: Soma jibu lenyewe, herufi kwa herufi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa maabara huandika vifupisho na mgonjwa husikia neno "saratani" tu. Vifupisho hivyo vya papsmia vina uzito tofauti kabisa.

ASC-US ina maana kwamba seli chache hazikai sawa, lakini mtazamaji hawezi kusema kwa nini. Yaweza kuwa HPV, yaweza kuwa uvimbe wa maambukizi ya kawaida, na kwa aliyekoma hedhi yaweza kuwa ukavu unaotokana na upungufu wa homoni. Kipimo kinachosaidia zaidi hapo ni HPV, na maabara nyingi hukifanya kwenye sampuli ileile kama ilihifadhiwa kwenye kimiminika. HPV ikiwa hasi, hatari hushuka sana: miongozo ya Marekani humrudisha mwanamke huyo baada ya miaka 3. Ikiwa chanya, kwa kawaida mazungumzo huhamia kwenye kolposkopi, yaani kutazamwa mlango wa kizazi kwa darubini maalumu.

LSIL ni mabadiliko madogo, na mara nyingi ni alama ya HPV iliyo hai kwa wakati huo. Mengi huisha yenyewe.

HSIL ni mabadiliko makubwa, na ASC-H ni shaka kwamba mabadiliko makubwa yapo. Ukiona mojawapo, usikubali kuambiwa "tutarudia papsmia baada ya mwaka". Kurudia kipimo kilekile hakuongezi chochote. Hata kikitoka safi mara ya pili, kile cha kwanza hakijafutwa. Unahitaji kolposkopi, na wakati mwingine tiba moja kwa moja.

AGC hupuuzwa kwa sababu jina lake halitishi. Inahusu seli za tezi, zilizo ndani ya njia ya mlango wa kizazi au juu zaidi, kwenye mji wa mimba. Ndiyo maana HPV hasi haitoshi kumtuliza mtu mwenye AGC. Anahitaji kolposkopi pamoja na sampuli kutoka ndani ya njia ya mlango, na akiwa na umri wa miaka 35 au zaidi, au akiwa na hedhi isiyoeleweka, achukuliwe pia sampuli ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba.

Kwa upande wa HPV, aina ni jambo kubwa. Aina za 16 na 18 kwa pamoja husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Aliye chanya kwa mojawapo hushauriwa kolposkopi hata papsmia yake ikiwa safi. Aliye chanya kwa aina nyingine, na papsmia yake ni safi, kwa kawaida hurudia kipimo baada ya miezi 12.

Kipimo cha siki kikiwa chanya, kinachojulikana ni kwamba kuna sehemu nyeupe. Yaweza kuwa mabadiliko ya awali ya saratani, yaweza pia kuwa uvimbe wa kawaida au seli changa zinazojijenga upya. Usahihi wake hutegemea sana jicho na uzoefu wa anayetazama.

Jingine nataka nilitaje hapa, kwa sababu limevunja nyumba nyingi. HPV inaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka kabla ya kuonekana kwenye kipimo. Jibu chanya la leo haliwezi kusema nani alimwambukiza nani wala lini. Asiruhusiwe mtu yeyote kulifanya ushahidi wa usaliti, wako au wa mwenzako.

Hatua ya 3: Weka historia yako pembeni ya jibu

Jibu moja linaweza kuwa na maana mbili kwa wanawake wawili. Chukua wawili wenye umri wa miaka 38, wote papsmia zao zimesoma ASC-US na HPV ni chanya, ila si 16 wala 18. Wa kwanza alipimwa HPV miaka mitatu iliyopita ikawa hasi. Wa pili hajawahi kupimwa. Kwa miongozo ya Marekani iliyotolewa 2019, wa kwanza anaweza kurudi baada ya mwaka mmoja, kwa sababu maambukizi yake ni mapya na hayajapata muda wa kuharibu. Wa pili anapelekwa kolposkopi, kwa sababu hakuna ajuaye kirusi kimekaa kwa muda gani. Kadi ya zamani unayotaka kuitupa ndiyo inayoweza kukuepusha na kipimo usichokihitaji, au kukufikisha kwenye unachokihitaji.

Mambo mengine ya kumwambia daktari bila kusubiri aulize:

Hali yako ya VVU. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii. Kwake muda wa kusubiri hupunguzwa, na njia ya kumchunguza si ileile. Hali kadhalika kwa aliyepandikizwa kiungo au anayetumia dawa za kushusha kinga.

Ujauzito. Kolposkopi inaweza kufanywa kwa mjamzito, na kinyama, yaani kipande kidogo cha tishu cha kupeleka maabara, kinaweza kuchukuliwa ikiwa kuna shaka ya mabadiliko makubwa. Kisichofanywa ni kukwangua ndani ya njia ya mlango. Tiba ya mabadiliko ya awali huahirishwa hadi baada ya kujifungua, isipokuwa saratani yenyewe inapohofiwa.

Umri. Chini ya miaka 25 maambukizi ni mengi na mengi huisha, kwa hiyo ASC-US na LSIL hushughulikiwa kwa upole zaidi. Baada ya hedhi kukoma, eneo ambalo saratani huanzia huwa limejivuta kuingia ndani, na kipimo cha siki hupoteza nguvu kwa sababu jicho halifiki huko.

Na kama bado unataka kuzaa, sema. Hilo huathiri uchaguzi wa tiba.

Hatua ya 4: Pima njia nne zilizopo

*Kusubiri na kurudia.* Njia hii hufaa hatari ikiwa ndogo, na faida yake ni kwamba unaupa mwili muda wa kujisafisha bila kuguswa. Usirudie kipimo cha HPV baada ya miezi miwili au mitatu kwa sababu ya wasiwasi. Muda huo hautoshi kuonyesha kama kirusi kinaondoka. Miezi 12 ndio muda wa kawaida. Kwa mwenye HPV chanya ambaye kipimo cha pili hakikuonyesha kitu, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kurudia baada ya miezi 24, au 12 kwa anayeishi na VVU. Ila kusubiri kuna maana kwa mtu atakayerudi tu. Ukijua kwamba mwakani utakuwa umehama, au kwamba kupata ruhusa na nauli ni shida kubwa, mwambie daktari waziwazi. Hiyo ni sababu halali ya kitabibu ya kuchagua njia nyingine leo.

*Kipimo cha pili cha kuchuja.* HPV chanya peke yake inakamata wanawake wengi wasio na tatizo lolote. Kwa hiyo huongezwa kipimo cha kuwatenganisha: kuangalia aina ya kirusi, kufanya papsmia, kutumia siki, au kupaka seli rangi mbili zinazoonyesha protini za p16 na Ki-67. Uliza majibu yatatoka baada ya muda gani na nani atakupigia. Kuchuja kunakochukua miezi mitano bila mtu kukutafuta ni hatari kuliko kasoro yenyewe.

*Kolposkopi.* Hii ndiyo njia inayojibu swali la "kuna nini pale?" kwa kinyama kilichosomwa maabara. Gharama yake ni muda, usumbufu na mara nyingi umbali, kwani wataalamu wake hawapo kila mahali.

*Tiba bila kungoja kinyama.* Shirika la Afya Duniani linakubali kwamba mwanamke mwenye HPV chanya anaweza kutibiwa palepale baada ya kuangaliwa kama anafaa, kwa sababu mahali pengi anayeambiwa arudi harudi. Kwa wanaoishi na VVU, shirika hilo hupendekeza kuchuja kwanza. Pima pande zote mbili. Ukitibiwa leo, unaweza kuwa umetibiwa kitu ambacho kingeisha chenyewe. Na tiba ya kuunguza au kugandisha haiachi kinyama cha kupeleka maabara. Kama palikuwa na saratani iliyojificha, imefunikwa. Ndiyo maana tiba hizo hazifanywi kama kuna shaka yoyote ya saratani, kama doa limeingia ndani ya njia ya mlango, au kama limefunika zaidi ya robo tatu ya sehemu ya nje ya mlango.

Ukitaka kujua daktari anaamuaje, miongozo ile ya Marekani hutumia namba. Hatari ya kuwa na mabadiliko makubwa ikifika asilimia 4, kolposkopi. Ikivuka 25, kolposkopi au tiba moja kwa moja. Ikivuka 60, tiba hupewa kipaumbele kwa asiye mjamzito mwenye miaka 25 au zaidi. Kwa hiyo swali ninalokusihi uulize ni hili: "Daktari, kati ya wanawake mia wenye majibu na historia kama yangu, wangapi hukutwa na mabadiliko makubwa?" Jibu lake litakusaidia zaidi ya neno "kidogo" au "usijali".

Hatua ya 5: Jiandae kwa kolposkopi

Panga siku ambayo hutakuwa kwenye hedhi nzito. Kwa siku moja au mbili kabla, usijamiiane wala kuweka dawa au kitu chochote ukeni. Taja kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una mzio wa iodini, na kama kuna uwezekano wa mimba.

Utalala kama siku ya papsmia na kuwekewa kifaa kilekile cha kupanulia uke. Darubini haiingii mwilini. Husimama nje, na mwanga wake mkali huelekezwa ndani. Daktari hupaka asidi ya asetiki, ambayo huhisiwa kama baridi au mwasho mdogo, kisha hunyamaza na kutazama kwa dakika moja hivi. Usiogope ukimya huo. Anasubiri seli zenye kasoro zigeuke nyeupe, na anapima kingo zake, unene wake na mishipa ya damu ndani yake. Anaweza kupaka iodini pia: seli zenye afya huwa kahawia iliyokolea, zenye kasoro hubaki na umanjano.

Akiona doa, atakata vinyama vidogo sana, mara nyingi zaidi ya kimoja, kwa kuwa kukata sehemu mbili hadi nne hukamata mabadiliko makubwa vizuri kuliko kukata moja. Unaweza kuhisi mbano wa ghafla kama maumivu ya hedhi. Una haki ya kuuliza kuhusu dawa ya maumivu kabla, na una haki ya kusema "subiri". Kabla hujashuka kitandani, uliza: "Umeliona eneo lote?" Kama sehemu imejificha ndani ya njia ya mlango, kuonekana safi kwa nje hakutoshi, na sampuli ya ndani huhitajika.

Kutokwa na matone ya damu, au uchafu mweusi unaotokana na dawa ya kuzuia damu isitoke, kwa siku chache ni kawaida. Rudi haraka ukipata homa, harufu mbaya, maumivu yanayoongezeka au damu nyingi kuliko hedhi yako.

Hatua ya 6: Majibu ya kinyama, na yasipokubaliana na yale ya kwanza

Kwenye kinyama, mabadiliko ya awali ya saratani huandikwa CIN, na namba huonyesha ukubwa wake, kuanzia 1 hadi 3. CIN1 kwa kawaida hufuatiliwa bila tiba. CIN2 iko katikati: uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba ndani ya miaka miwili karibu nusu hurudi nyuma, na takribani asilimia 18 husonga mbele. Mwanamke kijana anayetaka kuzaa anaweza kuchagua kufuatiliwa kwa karibu. CIN3 hutibiwa. Ushahidi kutoka New Zealand, ambako wanawake fulani hawakutibiwa ipasavyo, ulionyesha kwamba karibu asilimia 30 yao walipata saratani ndani ya miaka 30. AIS, mabadiliko ya awali ya seli za tezi, huhitaji kukatwa sehemu ya mlango ili ichunguzwe yote.

Sasa, papsmia ikisema HSIL na kinyama kikisema CIN1, usifurahi haraka. Huenda kinyama kilikosa mahali penyewe. Omba sampuli zote mbili zitazamwe tena, na uliza kama unahitaji kufuatiliwa kwa karibu au kutolewa tishu kubwa zaidi kwa ajili ya uchunguzi.

Ikifika kwenye tiba, zipo za kuharibu seli kwa joto au kwa baridi kali, na zipo za kukata, kama LEEP, inayotumia waya wenye umeme chini ya ganzi. Kukata kunatoa tishu ya kupeleka maabara, lakini kukata kwa kina au kwa kurudiarudia kunahusishwa na kujifungua kabla ya wakati katika mimba za baadaye. Mtu akikuambia utolewe kizazi kwa sababu ya CIN pekee, tafuta maoni ya daktari wa pili kabla ya kusaini.

Hatua ya 7: Usipotee

Tarehe ya kurudi iandike kwenye simu yako na kwenye ya mtu mwingine unayemwamini. Uliza majibu yatatoka lini, na ukiona siku hiyo imepita kimya, piga wewe. Ukimya wa kituo hauna maana kwamba uko salama. Kama uamuzi ni tiba, ifanyike ndani ya miezi 6.

Baada ya tiba, kipimo cha HPV hurudiwa baada ya miezi 6 kwa miongozo ya baadhi ya nchi, au 12 kwa Shirika la Afya Duniani. Kikiwa hasi, ni habari njema sana, lakini ufuatiliaji hauishii hapo: Marekani hupendekeza aliyetibiwa mabadiliko makubwa aendelee kupimwa kwa angalau miaka 25. Kama unavuta sigara, acha sasa, kwani hukisaidia kirusi kung'ang'ania. Kama unaishi na VVU, usiruke dawa zako. Chanjo ya HPV haitibu maambukizi uliyo nayo, ila uliza kama inakufaa dhidi ya aina ambazo hujakutana nazo, na binti yako akifika umri wa kuchanjwa, mpeleke.